Usitwange Kinu Kitupu

Sifa, mwanangu,

Umetoka kwenda kuwaaga wenzako wa kwaya, na mimi nimekaa hapa mezani na kalamu uliyoisahau. Nimekaa, nimesimama, nimekaa tena. Nimekwenda kufunika mboga ya sombe jikoni nikakuta nimekwisha kuifunika. Nimetoka nje kuangalia kama mvua inakuja, na mbingu ni nyeupe tu. Baba yako ananiambia, "Mama Sifa, kaa kitako, utatoboa sakafu." Yeye mwenyewe amefunga sanduku lako kwa kamba, akalifungua, akalifunga upya kwa kamba ileile, lakini huyo hakuna wa kumwambia kitu.

Basi naandika, angalau mikono ipate kazi. Barua hii nitaiweka juu ya sanduku. Uisome leo ukirudi, si kesho njiani, na utaona mwenyewe kwa nini. Mwandiko wangu usiucheke. Nimejaribu kuandika Kiswahili cha barua, kile cha padri siku ya Pasaka, lakini nikichoka utanisikia nikirudi kwa kile chetu.

Habari ya safari sikuandikii. Maji ya kunywa, watu wa kukwepa, pikipiki ya hapa mpaka Salamabila, kutoka pale Kabambare, kule Kalemie utalala kwa nani, meli ya Mpulungu: yote hayo baba yako amekuambia, na kesho asubuhi atakuambia tena kana kwamba hukusikia. Mwache aseme. Ndiyo namna yake ya kulia.

Mimi naogopa jambo moja. Siogopi ziwa, wala hiyo Zambia unakokwenda kusoma siiogopi. Naogopa mdomo wako. Ile shule ya wauguzi imekupokea kwa kukujaribu, na mwalimu wako wa Kiingereza alitueleza vizuri, mimi na baba yako: muhula wa kwanza watakusikiliza tu, kama unaweza kumuuliza mgonjwa anaumwa wapi, kama unaweza kumjibu daktari. Asiyesema anarudishwa kwao. Kuandika unaandika mpaka mwalimu anatikisa kichwa kwa kushangaa. Lakini wakiwepo watu, mwanangu, unafunga mdomo kama mtu aliyetiwa maji akaambiwa asiyameze.

Nimeiona kwa macho yangu siku ile ya kufunga masomo yenu ya jioni pale parokiani. Kila mwanafunzi alipewa neno moja ambalo Waingereza wanalisema kila siku, asimame alitamke mbele ya wazazi, kisha alieleze. Lako nilikuwa nalijua tayari. Ulikuwa unalinong'ona nyuma ya jiko kila jua likishuka, na mimi nachambua mchele upande wa huku: prakitisi mekisi pafekiti. Ona, hata mimi limeniingia. Nilipomuuliza mwalimu maana yake aliniambia, "Mama, ni kusema kwamba kufanya na kurudia ndiko kunafanya mutu akuwe fundi."

Nikamuuliza, "Na huyo Mwingereza, alikuwa anarudia mbele ya nani?"

Akacheka. Alidhani namtania.

Basi ukasimama na kitenge chako kipya. Ukafungua mdomo. Ukaufunga. Kule nyuma mtu akacheka kidogo, ukakaa. Na mimi mama yako nilifanya nini? Nilitazama miguu yangu. Kisha njiani nikakuambia, "Afadhali ungekataa kusimama kuliko kututia haya." Ulitangulia tu mbele na mwendo wa haraka. Neno lile nimelitafuta kila siku tangu siku ile, nilirudishe nilikolitoa, na halirudi. Mimi zaidi ya watu wote wa Kasongo sikupaswa kulisema, na ndiyo sababu leo nakusimulia habari ambayo hujawahi kuisikia.

Unajua kwamba kijijini kwa baba yako, kule ng'ambo ya Lusangi, watu wananiita Mama Mashini. Umekua ukidhani ni kwa sababu naongea haraka. Baba yako ndiye aliyekudanganya hivyo, na mimi nikanyamaza kwa sababu uongo ule ulinifaa.

Mimi ni mtoto wa hapa mjini. Mama yangu alikuwa anapeleka mpunga kwenye mashini, unarudi mchele, basi. Kinu kwetu kilikuwa cha majani ya muhogo tu, ya sombe. Nikaolewa, nikapelekwa kule, na asubuhi ya kwanza mama mkwe wangu, yaani koko yako, akanikabidhi mchi. Kule wanawake hawatwangi mpunga mmoja mmoja. Wanasimama wawili, hata watatu, kinu kimoja. Mchi wa huyu ukipanda wa yule unashuka, na huku wanapiga habari zao kama watu waliokaa kivulini. Ukiwatazama unasema, ah, hiyo kazi ya watoto.

Loo! Mchi wangu ulikutana na wa koko palepale hewani, ta! Mikono ikaniuma mpaka mabegani. Nikajaribu tena, nikapiga ukingo wa kinu, mpunga ukaruka nje, kuku wakaja mbio. Wifi yangu alicheka mpaka akakaa chini. "Walituletea bibi-arusi wa mashini!" Kufika jioni kijiji kizima kilikuwa na jina langu jipya.

Nilikuwa na kiburi, Sifa. Watu wanadhani kiburi ni kujiona mkubwa. Kuna kingine, cha kukataa kuonekana unakosea, na hicho hakigunduliki haraka, maana watu wanakuona umenyamaza wanasema, yule mtoto ni mpole. Mimi nilisifiwa upole kijiji kizima. Nilikuwa nimejaa kiburi mpaka shingoni.

Tangu siku ile nikawa mgonjwa. Leo bega, kesho kichwa, keshokutwa tumbo. Nachota maji kuliko wote, nafagia mpaka nyuma ya nyumba za watu, ili tu nisiitwe kinuni. Na Kibangubangu, lugha ya kule, vilevile. Koko alikuwa na Kiswahili cha sokoni, lakini habari za moyo wake alikuwa anazisema kwa Kibangubangu, na mimi nilikuwa naelewa mbili tatu. Nikijibu, naona watanicheka. Basi kila kitu nilijibu "ndiyo, mama". Ananiuliza nimelalaje, "ndiyo, mama". Ananiuliza kwetu tunapika samaki kwa mafuta ya mawese au kwa karanga, "ndiyo, mama". Maskini koko. Alimuuliza baba yako kwa siri kama mke wake ana akili timamu.

Halafu nikapata akili, ile akili yetu ya mjini. Nikasema moyoni, nitajifunza kwa siri, na siku nitakayosimama kinuni wote wataziba midomo. Baba yako alikuwa amesafiri Salamabila kutafuta kazi. Siku wenzangu wanakwenda shamba nikasema nina homa. Wakaondoka, kijiji kikabaki mimi na mbuzi. Nikakitoa kinu uani, nikashika mchi. Mpunga sikutia. Ningeutia ungevunjika, koko angeziona chenga, angejua. Nikatwanga kinu kitupu.

Wewe tulikutoa kule ungali mdogo, huenda hujui. Kule kinu kitupu hakitwangwi. Sauti yake ni nyingine kabisa, ko! ko! ko!, kavu, inateremka mpaka bondeni. Na inapigwa kwa jambo moja tu: kuwaita watu walioko mashambani, waje, nyumbani kuna maiti.

Nani aliniambia? Hakuna. Na ningemuuliza nani, mimi wa "ndiyo, mama"?

Natwanga, jasho linanitoka, najipongeza, naona mkono unaanza kukubali. Nikasikia kelele. Nikainua kichwa. Sifa, watu walikuwa wanapanda ule mlima kama moto unawafukuza. Wanaume na mapanga yao, wanawake mikono kichwani, wifi yangu analia jina la baba yako, maana kila mmoja alikuwa amekwisha kumzika njiani moyoni mwake. Mbele ya wote alikuwa koko, yule mwanamke mnene, kichwa wazi, kiatu kimoja mguuni. Akafika akasimama mbele yangu. Pumzi haitoki.

"Nani alikufa?"

Mimi na mchi wangu mkononi. Nilitamani ardhi inimeze na kinu chake. Na pale, kwa mara ya kwanza tangu niolewe, nikamjibu kwa Kibangubangu, kibovu, kimevunjika kila mahali: "Hakuna aliyekufa, mama. Nilikuwa najifunza."

Watu wakaanza kupiga kelele. Mzee mmoja akasema nitoe mbuzi, nimeita balaa. Wifi yangu akanitukana, na alikuwa na haki. Koko akainua mkono, wakanyamaza. Akakaa juu ya gogo mpaka pumzi ikamrudia. Akasogea, akachungulia ndani ya kinu.

"Mpunga iko wapi?"

"Hakuna, mama."

"Sasa unajifunza kutwanga nini?"

Akaingia nyumbani, akatoka na ungo wa mpunga, akaumimina wote kinuni mbele ya kijiji kizima.

"Twanga."

"Itamwangika, mama."

"Imwangike. Kuku watakula. Kuku nao ni watu wa hii nyumba."

Akachukua mchi wa pili, akasimama upande wa pili, na watu wote wamezunguka na majembe yao wanatutazama. Akaniambia, "Peke yako unasikia muchi yako tu. Yangu utaijulia wapi? Haya. Nitaanza miye. Weye ingia."

Akaanza. Nikaingia, ta! Watu wakacheka. Akaanza tena. Nikaingia, mpunga ukaruka, kuku wakala. Wakacheka mpaka wale waliokuwa wanalia kilio cha baba yako wakashika mbavu. Koko mwenyewe alicheka machozi yakamtoka, na mpaka leo sijui kama yalikuwa ya kicheko au ya ile hofu aliyopanda nayo mlimani. Nikacheka na mimi. Nilipocheka, lile jiwe lililokuwa kifuani mwangu tangu harusi likaondoka. Sikulisukuma mimi, waliliondoa wao.

Usidhani nilikuwa fundi siku ile. Nilikuwa mbovu siku hiyo na siku nyingi baadaye, mbovu mbele ya watu, na Kibangubangu kikaingia humohumo kinuni, na makosa yake yote. Nikisema vibaya koko ananisahihisha bila kusimamisha mchi. Siku moja, wewe ukiwa mgongoni, namsimulia ugomvi wa majirani, nikaona anatazama chini. Nikatazama na mimi. Mchele ulikuwa mweupe, umekwisha, na michi yetu haikuwa imegusana hata kidogo. Sikujua ilianza lini kukubaliana. Koko akatia mpunga mwingine.

Na siku alipotutoka, unakumbuka? Ulikuwa mdogo, meno ya mbele yameng'oka. Ulinikuta uani napiga kinu, ukachungulia ndani, ukaniuliza, "Mama, unatwanga nini?" Sikukujibu. Leo ndiyo nakujibu. Wifi yangu ndiye aliyenipa mchi. Aliniambia, "Mama Mashini, ita watu." Nikawaita, wakapanda ule mlima. Safari hii hakukuwa na mtu wa kunimiminia mpunga.

Nimesimama kidogo. Mvua imeanza, nimekwenda kuingiza nguo zako ulizozianika, na baba yako ananiuliza kama naandika Biblia. Nimemjibu naandika barua, na asitie mkono tena kwenye lile sanduku.

Sasa utanielewa, mwanangu, kwa nini situlii. Kila jioni nikikusikia kule nyuma ya jiko, nikipita na beseni unakatisha, nikishapita unaanza tena kwa sauti ya chini. Wewe unadhani unajifunza. Mimi nasikia ko! ko! ko!, na moyo wangu unatupa jembe na kupanda mlima mbio. Watu wanasema kutwanga maji kwenye kinu ni kazi bure. Lakini anayetwanga maji angalau analowa, na watu wanamwona.

Hilo neno lenu la Kiingereza silikatai. Ni kweli, bila kurudia hakuna fundi, na mwenye kulisema alikuwa mtu wa kazi. Ila nimeligeuzageuza jikoni nikaona linataka nyongeza. Kwanza, hayo mambo ya ukamilifu mimi sijayaona, mpunga wangu mpaka leo una chenga na baba yako anazila bila kesi. Pili, halisemi unarudia na nani. Mgonjwa wako wa kwanza kule Zambia hatakuwa nyuma ya jiko. Atakuwa mbele yako, anaumwa, anataka kusikia sauti ya mtu. Utamuuliza vibaya. Atakusahihisha, au atakucheka, na mgonjwa akicheka si dawa hiyo? Uliza tena. Kujikwaa si kuanguka.

Na kama watakurudisha kwa sababu ulisema vibaya, Sifa, rudi. Mlango upo, na nitakupikia. Lakini usirudi kwa sababu hukusema. Hiyo sitaiweza. Nitajua ilitoka kwangu, katika ile njia ya kutoka parokiani, na nitazeeka nayo.

Sasa sikia habari ya kesho, ndiyo sababu nimekutaka usome leo. Asubuhi pikipiki itasimama pale mbele ya nyumba. Watakuwepo kwaya yote, na majirani, na yule dereva ambaye hajui kunyamaza. Baba yako atarudia habari ya maji ya kunywa. Akimaliza, mimi nitasimama katikati ya watu, mimi ambaye sijawahi kutamka Kiingereza mbele ya mtu yeyote, nitalisema lile neno lako kwa sauti, mpaka wa barabarani wasikie. Prakitisi mekisi pafekiti. Najua silisemi sawa. Nimelisikia ukutani tu, na wewe ulikuwa unanong'ona. Watacheka, hasa dereva. Acha wacheke, kuku nao wale.

Lakini usiniache pale peke yangu, mama. Usitazame miguu yako kama mimi nilivyotazama yangu. Nisahihishe. Palepale, mbele ya wote, kwa sauti ya kunishinda, lile neno lote kama Waingereza wanavyolisema, nami nitarudia, na nikikosea unisahihishe tena mpaka dereva achoke kutungoja. Ndiyo kwaheri ninayoitaka. Kitenge na mafuta ya mawese nimekwisha kukutilia sandukuni.

Nakusikia getini, unamcheka mama jirani na mwavuli wake. Umelowa. Nafunga.

Kesho nitaanza miye. Weye ingia.

Mama yako,
Mama Mashini